Ushahidi wa Kisiwa: Ndege Wapitao Heligoland

Msomaji wa pwani yetu aliyepata kusoma tarikhi ya karne ya kumi na tisa hulijua jina la Heligoland kwa sababu moja tu, nayo ni ule mkataba uliotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890, ambao kwa huo Waingereza waliwaachia Wajerumani kisiwa hicho kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na Wajerumani nao wakaacha madai yao juu ya Witu na kuukubali ulinzi wa Waingereza juu ya dola ya Unguja. Maneno ya barazani husema kwamba Unguja ilibadilishwa kwa Heligoland, lakini maneno hayo hayakusimama sawasawa, maana Mjerumani hakupata kuimiliki Unguja hata awe na haki ya kumpa mwingine, na Sultani Ali bin Said alikuwa yungali katika kiti chake. Mwaka mmoja baada ya mkataba huo kikachapwa kitabu kikubwa kwa lugha ya Kijerumani, ambacho kiliwafahamisha wanazuoni wa dunia kwamba jabali lile, lililokuwa likihesabiwa na mabwana wa siasa kwa thamani ya bandari na mizinga, lilikuwa na thamani nyingine isiyoandikwa katika mkataba wowote: lilikuwa njiani mwa ndege.

Jabali lenyewe ni la mawe mekundu, eneo lake kilomita moja ya mraba kwa kukadiria, nalo limesimama peke yake baharini zaidi ya kilomita 40 kutoka bara. Na kando yake kipo kisiwa cha mchanga kiitwacho Düne, ambacho kilikuwa kimeshikamana nalo mpaka tufani ya usiku wa kuamkia mwaka 1721 ilipokikata kiungo cha katikati na kuyatenga mapande mawili. Ndege atokaye Norwe, Uswidi, Finland au Urusi kuelekea kusini na magharibi, akivuka pembe hiyo ya bahari, hana mahali pengine pa kutua isipokuwa hapo. Harakati zao huanza mapema kuliko watu wengi wadhanivyo. Ndege wa matopeni, wa jamii ya sululu na vitwitwi, hupita tangu Julai. Mwishoni mwa Agosti na katika Septemba huja wadogo walao wadudu, ambao wengi wao safari yao huishia Afrika. Kisha Oktoba, majani ya Ulaya yanapopukutika, huingia makundi makubwa ya vipozamataza, ya kwezi, na ya wale ndege wa vifua vya madoadoa ambao Wajerumani huwaita Drossel, nao hawa hawana haja ya kufika kwetu, kwa maana Uingereza, Ufaransa na Hispania zawatosha kupitisha baridi.

Watu wa Heligoland, ambao ni wavuvi na manahodha wenye lugha yao ya Kifrisia, walizijua habari hizi zamani kabla ya mwanachuoni yeyote, na walizijua kwa njia ya tumbo. Kisiwani hapakuwa na mashamba ya kutosha wala vichaka, basi walipanda matawi makavu ardhini, wakayapanga yakawa mfano wa kichaka chembamba chenye wavu upande mmoja, na ndege wa Oktoba aliyechoka, asiyeona kivuli kingine katika jabali lote, alijiingiza humo mwenyewe, wakamswaga taratibu mpaka wavuni. Usiku wa giza walikwenda kwenye mnara wa taa, uliojengwa na Waingereza mwaka 1811, wakawaokota vipozamataza kwa maelfu. Ilikuwa ni riziki, na sioni sababu ya kuwalaumu kwa hilo. Tena lau si mtego wao wa matawi, elimu tunayoizungumza hapa ingalichelewa sana, kama tutakavyoona.

Katika watu hao akafika mwaka 1837 kijana mmoja mchoraji wa picha za bahari, Heinrich Gätke, aliyezaliwa Pritzwalk katika jimbo la Brandenburg mwaka 1814. Alikuja kwa ajili ya mawimbi na majahazi, akaoa, akawa katibu wa serikali ya Waingereza kisiwani, na kwa muda wa nusu karne akaandika kila siku upepo ulikotoka, mbingu zilivyokuwa, na ndege gani walipita. Wavuvi na watoto walimletea kila ndege wa ajabu waliyempata, aliye hai au mfu. Kitabu chake, Die Vogelwarte Helgoland, kilitoka mwaka 1891, na alipofariki tarehe 1 Januari 1897 hapakuwa na mtu Ulaya asiyekubali kwamba hakuna pahala padogo kama pale palipopata kuonyesha aina nyingi za ndege kiasi kile. Hata leo hesabu ya aina zilizoonekana Heligoland yapita 400.

Hapa ndipo swali langu linapoanzia, nalo ni hili: kisiwa kinashuhudia nini hasa? Gätke aliona anayoyaona ni safari yenyewe ya ndege, na wengi waliomfuata wakaamini hivyo hivyo. Mimi naona, kwa dalili zilizopatikana baada yake, kwamba kisiwa aghalabu hakioni safari. Huona kukatika kwa safari.

Fikiri usiku mmoja wa Oktoba ulio safi, nyota zimetanda, na upepo wa nyuma unavuma taratibu kutoka kaskazini-mashariki. Ndege waliokuwa wakingoja Skandinavia huondoka jua likizama, hupanda juu, huvuka bahari yote kabla ya alfajiri, na mtu aliyesimama juu ya jabali asubuhi yake hukuta ndege wachache mno, akaandika katika daftari lake kwamba hapakuwa na msafara. Sasa ufikiri usiku mwingine, ulioanza vizuri kisha katikati ya bahari ukageuka: mawingu yakashuka, manyunyu yakaanza, upepo ukawa wa mbisho, mwezi haupo. Msafiri hupoteza nyota zake, huteremka, huiona taa moja tu katika giza lote, huizunguka asijue kuiacha, na kunapopambazuka kila ua na kila jiwe huwa na ndege. Mtazamaji huandika kwamba huo ulikuwa msafara mkubwa kuliko yote ya mwaka, kumbe huenda ulikuwa mdogo kuliko ule wa usiku uliopita, ila ulikwama. Usiku wa neema kwa msafiri ni usiku wa ukame kwa mtazamaji. Jambo hili halikuthibitika kwa macho, maana macho ndiyo yaliyodanganyika. Lilithibitika baada ya vita vya pili vya dunia, Mwingereza David Lack na wenzake walipoanza kuwafuata ndege juu ya Bahari ya Kaskazini kwa rada, wakaona makundi yakipita kwa wingi katika saa ambazo watu wa pwani hawakuandika chochote.

Makosa mashuhuri ya Gätke yote mawili yalizaliwa na itikadi hiyo kwamba kisichoonekana hakikupita. Yupo ndege mdogo mwenye koo la samawati ambaye hukaa wakati wa baridi katika Afrika ya kaskazini na nchi jirani, na wakati wa machipuko hurudi Skandinavia. Gätke alimwona Heligoland kila mwaka, lakini katika nchi za katikati aliambiwa kwamba ni adimu. Akahukumu kwamba basi ndege huyo hufika kutoka Afrika kwa mruko mmoja wa usiku mmoja. Kwa hesabu hiyo ilimlazimu ampe kiumbe wa gramu chini ya 20 mwendo ambao leo twaujua kwa ndege za mtambo. Na kunguru wa kijivu aliwaona wakiondoka kisiwani asubuhi kuelekea magharibi, naye alijua kwamba kwenye pwani ya Uingereza kunguru hao huonekana wakiingia baada ya saa tatu. Akachukulia kwamba walioondoka hapa ndio waliofika kule, akapata mwendo wa maili 108 kwa saa. Mwalimu Johannes Thienemann, aliyeanzisha kituo cha ndege cha Rossitten mwaka 1901 kwenye pwani ya Baltiki, aliwapima kunguru wa aina hiyo wakipita baina ya alama mbili, akakuta mwendo wao ni kilomita 50 kwa saa tu, jambo ambalo mwenye baiskeli nzuri na mteremko angaliweza kushindana nalo. Walioingia Uingereza saa tano asubuhi walikuwa kunguru wengine, walioondoka mahali pengine, saa nyingine.

Hata hivyo ni dhuluma kumtaja mtu kwa makosa yake peke yake, na Gätke katika mambo mawili makubwa alisema kweli wakati wakubwa wa elimu walipokuwa wakisema kinyume. La kwanza, Palmén wa Finland alikuwa ameandika mwaka 1876 kwamba ndege husafiri kwa njia maalumu nyembamba, kufuata pwani na mito. Gätke akakataa, akasema wasafirio usiku huenda kwa mstari mpana mno, kila mmoja akivuka hapo alipo, na rada ikampa haki yake. La pili, alishikilia kwamba katika aina nyingi wale makinda wa mwaka ule ule, ambao hawajapata kuiona njia, huondoka mbele ya wazazi wao bila ya kuongozwa na mtu. Aliwaona kwezi wa kijivu, waliozaliwa wiki chache tu nyuma, wakipita Heligoland tangu mwezi Juni, na wazee wao wakija baada ya Septemba. Watu walimcheka, maana ilikuwa ni desturi kuamini kwamba mzee humfundisha kijana. Ajabu ni kwamba si kila ndege hufanya hivyo: kwa ndege wengi wa matopeni wazee ndio watanguliao, wakawaacha watoto nyuma, lakini hata hilo laithibitisha hoja yake, maana kwa vyovyote vile mtoto huvuka bahari bila ya mwalimu.

Ili hoja hiyo itoke katika dhana iwe hakika, ilipasa ndege mmoja ajulikane kwa nafsi yake, si kwa jamii yake. Zamani watu wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hulala matopeni wakati wa baridi, ilhali al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tatu ya Hijra, alikuwa amekwisha kuandika habari za viumbe wahamao kwa majira, hata akataja samaki ajaye mto wa Basra kutoka nchi ya Zanji. Mwaka 1822 kaskazini mwa Ujerumani alipigwa korongo mmoja aliyekuwa amerudi na mkuki wa Kiafrika umepita shingoni mwake, urefu wake kiasi cha sentimita 80, naye yupo mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule ulikuwa hati ya safari isiyoweza kukanushwa. Mwalimu wa Denmark, Mortensen, alitafuta hati nyepesi zaidi: mwaka 1899 aliwavisha kwezi pete za aluminiamu zenye namba na anwani, akawaachia. Tangu siku hiyo ndege akawa na jina.

Heligoland iliipokea pete mwaka 1909 kwa mkono wa Hugo Weigold, na mwaka uliofuata kituo rasmi cha ndege kikafunguliwa. Shida ya Weigold ilikuwa ni jinsi ya kuwapata ndege hai kwa wingi bila ya kuwaumiza, na jawabu alilipata kwa wavuvi. Kile kichaka chao cha kukamatia nyama alikikuza kikawa bustani ya miti na kidimbwi cha maji, iliyotandwa nyavu za waya zinazoanza kwa mdomo mpana na kupungua kidogo kidogo mpaka kwenye sanduku lenye kioo mwishoni. Ndege akiswagwa polepole huifuata nuru ya kioo, akaingia sandukuni. Hapo mvisha pete humshika baina ya vidole viwili shingo ikiwa katikati, huupima ubawa kwa rula, huyapuliza manyoya ya kifuani ili aone chini ya ngozi ile akiba ya mafuta ya manjano ambayo ndiyo chakula cha njiani, huizungusha pete mguuni kwa koleo, humtia katika kifuko juu ya mizani, kisha humwachia. Yote hayo humalizika kwa dakika chache. Yule ndege mdogo kuliko wote Ulaya, mwenye utepe wa manjano utosini, hupatikana na uzito wa gramu 5 au 6 tu, naye ametoka kuvuka bahari. Mtego huo umeenea mahali pengi kwa jina la kisiwa: Ronald Lockley aliujenga Skokholm, kisiwa cha Wales, mwaka 1933, na vituo vingine vya Uingereza vikafuata.

Pete ndiyo iliyomaliza ubishi wa makinda na wazee. Mholanzi Perdeck aliwakamata kwezi zaidi ya 11,000 karibu na The Hague wakiwa njiani, akawachukua kwa ndege ya mtambo mpaka Uswisi, akawaachia huko. Na mwaka 1958 akatangaza alichokipata. Wazee waliigeuza njia, wakaelekea upande wa Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa walikokuwa wamezoea kukaa. Makinda walishika mwelekeo ule ule waliokuwa nao Uholanzi, na kwa kuwa walianzia mahali pengine wakafika kusini mwa Ufaransa na Hispania. Maana yake mtoto huzaliwa na dira na kadiri ya safari, lakini ramani huipata kwa kuishi. Dira hiyo nayo si moja. Gustav Kramer, aliyekuwa akifanya kazi Wilhelmshaven, pwani iliyo ng'ambo ya Heligoland, alionyesha kwamba kwezi hulifuata jua na kulifanyia hesabu ya saa. Baada yake ikadhihirika kwamba wasafiri wa usiku huzitumia nyota, na Wolfgang Wiltschko akathibitisha katika miaka ya sitini kwamba huihisi pia sumaku ya dunia. Kwa nini basi ndege mwenye dira tatu aizunguke taa ya mnara mpaka achoke? Sehemu ya jawabu ni kwamba mawingu humfungia jua na nyota pamoja, na nuru kali ya karibu humzuga.

Wala msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la bahari za baridi tu. Katika Tsavo Magharibi, kwenye ukingo wa vilima vya Ngulia, ipo hoteli ambayo taa zake huwaka usiku ili wageni wawaone wanyama. Na tangu mwaka 1969, katika Novemba na Desemba, mwezi ukiwa haupo na ukungu ukishuka, ndege wahamao hushuka kuzizunguka taa zile kwa maelfu, na wavisha pete wakawanasa kwa nyavu mpaka asubuhi. Mamia ya maelfu wamevishwa pete hapo, na wengi wao ni ndege wa vichaka vya Ulaya ya mashariki na Asia ya magharibi, ambao waliondoka kwao Agosti, wakapumzika Sudani na Ethiopia, kisha wakaendelea kusini mvua za vuli zilipofungua njia. Usiku ulio wazi hapo Ngulia hupita kimya. Aliyelala hotelini usiku huo angeweza kuapa kwamba hakuna kilichopita juu ya Kenya.

Basi ikiwa kisiwa huonyesha ajali zaidi kuliko safari, je, kina faida gani? Faida yake, kwa rai yangu, haipo katika yale ambayo watu huyapenda zaidi. Kila Oktoba wapenzi wa ndege hukimbilia Heligoland ili wamwone mgeni wa Siberia, yule wa kijani mwenye nyusi za manjano ambaye ilimpasa kuwa safarini kwenda Asia ya kusini-mashariki. Gätke mwenyewe ndiye aliyemfanya ndege huyo mashuhuri. Ni furaha halali, sina ugomvi nayo. Lakini orodha ya wageni waliopotea haituambii hali ya wale ambao hawakupotea. Kinachotuambia ni kazi ya kuchosha: mtego ule ule, bustani ile ile, saa zile zile, mwaka baada ya mwaka, ili makosa ya kisiwa, kwa kuwa ni yale yale daima, yajifute yenyewe katika hesabu. Kazi hiyo Heligoland ilikatizwa vibaya mno. Mabomu ya Aprili 1945 yalikifanya kisiwa kisikalike, wenyeji wakahamishwa. Tarehe 18 Aprili 1947 Waingereza wakalipua humo tani 6,700 za baruti ili kuziangamiza ngome za chini ya ardhi, kisha wakalifanya jabali shabaha ya mazoezi mpaka walipolirudisha tarehe 1 Machi 1952. Bustani ikapandwa upya. Na hesabu zilizowekwa tangu 1960 mpaka 2000 zilitosha kuonyesha, bila ya haja ya mgeni hata mmoja wa Siberia, kwamba aina nyingi za ndege zilikuwa zikipita wakati wa machipuko mapema kuliko zamani, kwa kadiri ya ujoto wa majira.

Elimu hii sasa imekuwa na kazi ya dharura, kwa sababu bahari ile ya kuzunguka Heligoland imejaa minara ya kuvuna umeme wa upepo, yenye taa zake. Kwenye jukwaa moja la utafiti lililosimikwa baharini kaskazini mwa kisiwa cha Borkum ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya ndege waliokutwa wamekufa waliangamia katika usiku wa siku mbili tu zenye hali mbaya ya hewa. Mhandisi atakayegawa idadi hiyo kwa siku za mwaka mzima atapata wastani mdogo wa kumridhisha bwana wake, naye atakuwa amerudia kosa lile lile la Gätke kwa upande wa pili, maana Gätke aliufanya usiku wa ajali kuwa mwaka, na yeye ameuficha usiku wa ajali ndani ya mwaka. Itakiwayo ni kuujua usiku wenyewe kabla haujafika, na kuzima taa na kuisimamisha mitambo kwa saa zile chache.

Kwa upande wetu, ndege hawa huingia pwani na kaskazi, na wengine hubaki kwenye mikoko na mafungu ya mchanga mpaka Aprili. Mvuvi, mkulima au mtoto atakayemkuta ndege mfu mwenye pete mguuni asiitupe wala kuifanya pambo. Namba na anwani vimechongwa juu yake; aviandike vyote kama vilivyo, pamoja na tarehe na jina la mahali, avipeleke kwenye anwani hiyo au kwa Makumbusho ya Taifa huko Nairobi.